Mapito ya Turkana Kabla Hayajawa Ploti

Etom ni ndovu. Amosing ni kifaru. Etuko ni punda milia, ekales ni mbuni. Haya ni maneno ya kawaida ya Kiturkana, ila siku hizi ukiyataja mjini Lodwar kuna watakaofikiri unazungumzia mafuta. Tangu kampuni ya Tullow ilipogundua mafuta kwenye kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012, visima vingi vya bonde la Lokichar na viunga vyake vimepewa majina ya wanyama na miti ya nchi hii: Twiga, Etom, Amosing, Etuko, Ekales, Ewoi. Kwenye ramani ya mafuta wanyama hao wote wapo, kila mmoja na mahali pake palipopimwa. Nyikani, kifaru alishatoweka, na ndovu amebaki amebanwa kwenye pembe ya kusini ya kaunti.

Nimeanza na ramani makusudi. Kisima kina alama. Bomba la mafuta lina mstari wake tangu Lokichar hadi Lamu. Barabara ina upana wake uliotengwa, na ukijenga ndani yake utabomolewa. Lakini njia anayopita ndovu kufuata majani baada ya mvua ya kwanza haimzuii mtu yeyote kugawa ploti juu yake. Kisichochorwa huonekana ni nafasi tupu, na nafasi tupu hugawanywa.

Kanamkemer inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hapa ardhi inafungwa bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Mtaa huu uko ng'ambo ya mto Turkwel ukitoka katikati ya Lodwar. Simama darajani alfajiri utaona kina mama wakiteremka na mitungi, mbuzi wakishuka nyuma yao, bodaboda zikivuka na magunia ya makaa kuelekea mjini. Kwenye kingo za mto migunga mikubwa bado ipo, na mikoma, na kati yake kichaka cha mathenge, ule mti wa kigeni ulioletwa miaka ya sabini na themanini kuzuia jangwa na ambao Waturkana wanauita etirae. Ukipandisha kutoka mtoni unakutana na mabati mapya, ua wa miba, kisha ukuta wa mawe, kisha kibao kinachosema ploti hii haiuzwi. Kila aliyezungushia ua hapo amefanya jambo la busara kwa familia yake: yuko karibu na maji, karibu na shule, karibu na lami.

Mchangani, kabla miguu ya watu haijaufuta usiku, kuna nyayo ndogo za digidigi zilizoshuka kunywa, na alama ya fisi aliyezifuata. Ua mmoja haumzuii mnyama. Nyua hamsini zilizoshikana kando ya mto humfungia maji. Na zikimfungia digidigi zinamfungia mbuzi pia, kwa sababu wote wawili walikuwa wakiteremka kwa njia ile ile.

Hoja yangu inatoka hapo: Turkana haina mapito ya wanyamapori na mapito ya mifugo kama vitu viwili. Kwa sehemu kubwa ni mapito yale yale, yaliyochongwa na sababu moja, nayo ni mvua. Lodwar hupata takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka, na hata hizo haziji kwa ahadi. Inaweza kunyesha Loima, Kerio ikakaa kavu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo kaskazini mwa Kenya. Katika nchi kama hii, aliye hai ni yule anayeweza kuondoka. Mchungaji analijua hilo, ndovu analijua, swala twiga analijua. Mpango wa ardhi unaowaona kama maadui wanaogombania njia utawapoteza wote.

Hifadhi peke yake haikuwahi kutosha. Hifadhi ya Taifa ya Turkana Kusini ilitangazwa mwaka 1979 ikiwa na takriban kilomita za mraba 1,091. Ni eneo kubwa ukilitembea kwa miguu, lakini haifiki asilimia mbili ya kaunti yenye karibu kilomita za mraba 70,000. Kwa Kenya nzima, watafiti waliopitia hesabu za angani za nyanda za malisho walikuta kwamba kati ya 1977 na 2016 idadi ya wanyamapori ilishuka kwa wastani wa asilimia 68. Mbuga hazikuondolewa katika miaka hiyo. Kilichoondoka ni ardhi iliyokuwa kati ya mbuga na mbuga.

Nenda kusini, Kainuk, uone mfano mkubwa kuliko wote wa kaunti hii. Hapo ndovu hutembea kati ya hifadhi ya Nasolot, upande wa Pokot Magharibi, na Turkana Kusini, na kushuka Bonde la Kerio kuelekea Rimoi katika Elgeyo Marakwet. Ni mfumo mmoja unaogusa kaunti nne: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo na Elgeyo Marakwet. Ndani yake kuna bwawa la Turkwel lililokamilika mwaka 1991, kuna mashamba ya umwagiliaji, kuna barabara kuu ya Kitale hadi Lodwar, na kaskazini yake tu kuna maeneo ya mafuta. Kila kimojawapo kilipangwa peke yake, na ofisi yake, kwa bajeti yake.

Ndovu hawa wameokoka vipi? Ujangili wa miaka ya sabini na themanini uliwashusha ndovu wa Kenya kutoka takriban 167,000 mwaka 1973 hadi kama 16,000 mwaka 1989. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu 36,280 nchi nzima. Kusini mwa Turkana, mbali na kazi ya askari wa shirika la wanyamapori la taifa, KWS, naona sababu nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Nchi iliyo kati ya Waturkana na Wapokot imebaki wazi kwa sababu watu wanaogopana. Uvamizi wa mifugo umehamisha vijiji, umefunga shule, umeacha malisho mazuri bila mchungaji. Ndovu amepata nafasi ndani ya hofu ya binadamu.

Hakuna mwenye moyo anayetaka hali hiyo iendelee. Watu wa Kainuk wamezika wengi mno. Lakini mwenye kupanga ardhi lazima aulize swali linalofuata: amani ikija, na ije haraka, nchi ile itajaa kwa mpango gani? Malisho yaliyoachwa miaka mingi yatarudiwa na watu wa pande zote mbili kwa wakati mmoja, na nyuma yao watakuja wenye kutaka ploti kando ya lami. Ndovu watakuwa ndani ya mashamba mwaka huo huo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama aliyetajwa na sheria, na milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na waliowahi kuisubiri fidia hiyo wanajua ni miaka mingapi. Mkataba wa amani usiotaja njia za maji, za mifugo na za ndovu utazaa ugomvi mpya juu ya kaburi la ule wa zamani. Kwa hiyo kikao cha amani na kikao cha kupanga ardhi vinapaswa kuwa kikao kimoja, na wazee wale wale.

Sheria za kufanya hivyo hazikosekani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa anga wa miaka kumi, unaoonyesha pamoja na mengine maeneo ya uhifadhi. Kuna Mpango wa Taifa wa Anga wa 2015 hadi 2045. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaziruhusu kaunti mbili au zaidi kutayarisha mpango wa pamoja, jambo ambalo njia ya Nasolot hadi Rimoi imekuwa ikililia. Na mwaka 2017 serikali ilitoa ripoti iliyotambua mapito 110 ya wanyamapori, 58 katika nyanda za kusini na 52 katika kaskazini na pwani. Ni kazi kubwa, na walioifanya wanastahili heshima. Ila ripoti inatambua, haizuii. Pito hupata nguvu pale tu linapoingia kwenye mpango uliopitishwa na bunge la kaunti, mpango ambao afisa wa ardhi lazima aufungue kabla ya kutia sahihi ombi la mtu.

Kikwazo kinachotajwa haraka ni mpaka. Turkana na Pokot Magharibi hawajaafikiana mpaka unapita wapi, hasa karibu na bwawa. Mimi sioni kwa nini hilo liwe kizuizi. Kaunti mbili zinaweza kukubaliana kwamba ukanda fulani hautajengwa, yeyote yule atakayekuja kuthibitishwa kuwa mwenye ardhi. Pito ni kati ya vitu vichache ambavyo majirani wanaogombana wanaweza kuvilinda bila mmoja kushindwa.

Na kwa kupanga, Waturkana hawaanzi na karatasi nyeupe. Rudi kingoni mwa Turkwel, mbali kidogo na nyua za Kanamkemer, kule migunga ilikosimama kwa mstari. Mgeni ataona msitu usio na mwenyewe. Mwenyeji ataona ekwar, moja baada ya nyingine: sehemu ya ukingo ambayo familia fulani ina haki nayo, haki ya miti kuliko ya udongo. Mwezi wa kiangazi kikali, wakati majani yote yameisha, maganda ya mgunga wa ewoi, yaitwayo ng'itit, huanguka na kuwalisha mbuzi. Mwenye ekwar ndiye mwenye maganda hayo. Mwingine akitaka, anaomba. Mti mbichi haukatwi ovyo. Asiyeitumia wala kuiangalia ekwar yake kwa miaka mingi anaweza kuipoteza. Na mwenye ekwar hamzuii anayepita kwenda kunywa. Edmund Barrow, aliyefanya kazi ya misitu Turkana miaka ya themanini, aliuandika utaratibu huu katika makala ya mwaka 1990, na hadi leo naona ni somo bora la mipango ya ardhi lililotoka kaunti hii.

Tazama ekwar inafanya nini. Inampa mtu haki ya kutosha ili autunze mti, bila kumpa haki ya kuufunga mto. Hicho ndicho ambacho wanasheria wa mapito wanahangaika kukiandika kwa kurasa nyingi: haki yenye mlango wazi. Msitu wa kando ya mto ulikuwa pito, ghala la kiangazi na makao ya tumbili na ndege kwa wakati mmoja, kwa sababu utaratibu wenyewe haukuruhusu ua mrefu. Utaratibu huo sasa umedhoofika. Bwawa limepunguza mafuriko yaliyokuwa yakiotesha miche mipya ya migunga. Mathenge imejaza mapengo. Soko la makaa la mji limeupa mti bei ambayo ng'itit haiwezi kuishinda. Na ploti ikishatolewa juu ya ekwar, mwenye karatasi anamshinda mwenye mti.

Mpango wa mji wa Lodwar ungeweza kuanzia hapo hapo: kuziandika ekwar zilizobaki, kwa majina ya familia zao, na kuzifanya kuwa ukanda wa mto usiojengwa, wenye mashuko ya wazi ya maji kila baada ya umbali fulani. Familia inabaki na miti yake na inapata nguvu ya sheria dhidi ya mkataji makaa. Digidigi anapata mahali pa kuteremkia. Hakuna anayehamishwa. Ni kazi ya daftari na miguu, na chifu na wazee wa mtaa wanaijua nusu yake tayari.

Nasisitiza kwamba hakuna anayehamishwa kwa sababu hofu ya watu ina msingi. Watu wa Ik, jirani zetu wa milima ya mpakani mwa Uganda, walipoteza viwanja vyao vya uwindaji Kidepo ilipofanywa hifadhi, mbuga ya taifa tangu 1962, na habari hiyo haijasahaulika Karamoja. Mwaka 2015 shirika la Northern Rangelands Trust liliafikiana na Tullow kuanzisha hifadhi sita za jamii Turkana na Pokot Magharibi kwa fedha za kampuni hiyo ya mafuta. Serikali ya kaunti chini ya Gavana Josphat Nanok ililipinga jambo hilo waziwazi. Mwezi Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika Kaunti ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria. Mtu anayekuja Turkana na neno uhifadhi lazima ajue kwamba wasikilizaji wake wanasikia neno kufukuzwa.

Naona waliozikataa hifadhi za Tullow walikuwa na haki ya kuuliza ardhi ni ya nani na nani amempa kampuni ya mafuta kazi ya kuamua malisho. Kinachonisikitisha ni kilichofuata. Kukataa hifadhi ya mtu mwingine hakukufuatwa na sisi kuandika mapito yetu wenyewe, na miaka ikapita. Mwaka 2025 Tullow iliuza mali zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Mwenye visima amebadilika, visima vipo, na bomba bado linasubiri. Wanyama na wachungaji hawajaingia kwenye ramani.

Tunayo bahati moja ambayo Kitengela hawanayo. Kusini mwa Nairobi, nyanda walizotumia nyumbu na punda milia kutoka kwenye mbuga ya Nairobi zilikatwakatwa kuwa hati za watu binafsi, na baada ya hapo kila juhudi ya kufungua njia ilihitaji kumlipa au kumbembeleza kila mwenye hati. Turkana sehemu kubwa ya ardhi bado ni ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ile ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe. Pito linaweza kuandikwa leo kwa makubaliano ya jamii na kaunti, bila kununua hata eka. Miaka kumi ya ugawaji wa ploti kando ya lami ikipita, bahati hiyo itakuwa imekwisha.

Wenzetu wa Tanzania huyaita mapito haya shoroba, na wamefika mbali zaidi. Mwaka 2018 walitunga kanuni mahususi za shoroba chini ya sheria yao ya wanyamapori. Tathmini ya 2022 ilitambua shoroba 61 na kuchagua 20 za kushughulikiwa kwanza. Kinachonivutia kwao ni mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, ambapo mkutano wa kijiji wenyewe hutenga malisho, mashamba na njia. Ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, umebanwa sana na makazi na mashamba, kwa hiyo nisiuze ndoto: mpango bila usimamizi hufunikwa na nyumba. Lakini kuna mahali pa kuanzia pa kisheria, na mwanakijiji analijua jina lake. Hapa Kenya, mwaka 2011 njia ya chini ya barabara ilifunguliwa kuunganisha Mlima Kenya na Lewa, na ndovu dume mmoja akaipita siku ya kwanza. Mnyama hujifunza upesi ukimwachia mlango. Barabara ya Lokichar imetiwa lami bila swali hilo kuwa la kwanza. Bomba la mafuta lisirudie.

Upande wa Kakuma swali lina sura nyingine. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata katikati ya muongo uliopita kwa mpango wa anga uliotayarishwa na UN-Habitat pamoja na kaunti. Kalobeyei ilionyesha kwamba makazi ya maelfu ya watu yanaweza kuchorwa kwenye ramani kabla ya kujengwa. Mahitaji ya kuni na maji hayaishii kwenye mstari wa ramani, hata hivyo, na magharibi yake nyanda zinapanda kuelekea Oropoi, Karamoja na Kidepo. Mbali zaidi, ng'ambo ya Lokichoggio katika Sudan Kusini, hesabu ya angani iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria karibu swala milioni 6 wanaohama kati ya Boma, Badingilo na Jonglei. Hawafiki kwetu. Wanatuonyesha tu nchi kavu inaweza kubeba nini pale ambapo njia bado ni ndefu.

Na kuna jambo dogo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko mipango yote mikubwa: kisima cha maji. Mwaka 2013 serikali na UNESCO walitangaza hazina kubwa za maji chini ya ardhi ya Turkana, Lotikipi na Lodwar. Ya Lotikipi yalionekana baadaye kuwa na chumvi nyingi, lakini uchimbaji wa visima kila mahali umeendelea, kwa mikono ya kaunti, ya mashirika na ya wanasiasa. Kila kisima kinahamisha watu. Mwaka wa kwanza wanakuja na mifugo, wa pili wanajenga duka, wa tatu wanaomba shule, na malisho yaliyokuwa akiba ya kiangazi yanakuwa kituo. Anayechagua mahali pa kisima anapanga ardhi, hata kama hajui. Kama kuna sheria moja ndogo ambayo bunge la kaunti lingepitisha kesho, ningeomba hii: pasichimbwe kisima bila ramani ya mapito kufunguliwa mezani na wachungaji wa eneo hilo kuulizwa.

Kuulizwa kwenyewe kuna wakati wake. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa sasa unaishia 2027, na vikao vya maoni ya umma vya ule unaofuata vitaitishwa. Vikiitishwa Januari au Februari, katika ukumbi wa Lodwar, watakaofika ni sisi wa mjini: wenye ploti, wafanyakazi wa mashirika, walimu, wafanyabiashara wa Kanamkemer. Wanaojua ndovu walivuka wapi mwaka jana watakuwa mbali, Loima au ng'ambo ya mpaka, na mifugo yao. Hurudi karibu mvua kuu zikishashika na majani yakiota, mwezi wa nne au wa tano. Wakati huo ndio wa kuwafuata Kainuk, Lokichar, Kerio na Oropoi, kukaa nao chini ya ewoi, na kuwapa kalamu kabla ya wapima ardhi.